Nyonga ya Bibi Haimo Kwenye Takwimu

Bibi anateleza bafuni. Si anguko kubwa, ni kukaa chini kwa ghafla tu. Asubuhi mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Anakandwa kwa maji ya moto, anaitwa mzee wa kuunga mifupa, godoro linateremshwa chini. Miezi michache baadaye homa ya mapafu inamchukua, na msibani tunaambiana kuwa ni uzee.

Inakadiriwa kuwa duniani, katika kila wanawake watatu waliovuka miaka 50, mmoja atavunjika mfupa kwa sababu ya osteoporosisi, yaani mfupa uliopungukiwa hadi ukawa kama sifongo. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano.

Wapo wanaosema hesabu hiyo si yetu sisi Waafrika, na hawasemi hewani. Marekani wanawake weusi huvunjika nyonga kwa kiwango cha chini kuliko weupe. Gambia, watafiti walikuta wanawake wanaokula kalsiamu, madini ya kujenga mfupa, kidogo mno, lakini mivunjiko ni michache. Tena mashine za kupima uimara wa mifupa ni ghali, na zahanati inaishiwa hata dawa za presha.

Sawa. Lakini mmoja kati ya watatu ni hesabu ya waliofika mahali pa kuhesabiwa. Bibi yetu aliyelala kwenye godoro hakupigwa eksirei. Kwenye daftari la hospitali hayumo, na kutokuwamo kwake ndiko kunakofanya tuonekane tuna mifupa ya chuma. Na hao weusi wa Marekani, wakishavunjika nyonga, hufa zaidi kuliko weupe. Kuvunjika kwa nadra hakujawaokoa.

Estrojeni nayo, homoni ya kike inayolinda mfupa, haijali rangi. Hedhi ikikoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa ndani ya miaka 5 hadi 7. Aliyetolewa ovari mapema huanza mapema. Sigara, pombe, wembamba wa kupindukia na mama aliyewahi kuvunjika nyonga, hayo yanajulikana kuongeza hatari. Ya kwetu hasa ni prednisolone, dawa ya steroidi inayodhoofisha mfupa, inayonunuliwa dukani bila cheti, mwezi baada ya mwezi. Na kuna tenofovir, iliyomo kwenye vidonge vya ARV vya wengi: hupunguza mfupa kiasi. Si sababu ya kuacha dawa hata siku moja, maana ndiyo iliyowafikisha wanawake wanaoitumia kwenye umri wa hedhi kukoma. Ila wamefika na mifupa ambayo hakuna anayeiulizia.

Kuuliza hakuhitaji mashine. Kliniki ya presha humpima bibi uzito kila mwezi. Kimo walimpima mara moja, kama walimpima. Ilhali kupungua sentimita 4 hivi ni dalili kwamba huenda pingili za mgongo zimebonyea, na mara nyingi hubonyea kimyakimya. Nyumbani wanaona mapema: dera lililokuwa likiishia kwenye kifundo cha mguu, sasa linaburuta.