Kuwauliza wenyeji mapema hakukwamishi utafiti

Kila rasimu ya sera ya bayoanuwai inapopelekwa kwa wadau, lalamiko moja halikosi: kwamba sharti la kupata ridhaa ya jamii kabla ya mmea, mbegu au bakteria kuchukuliwa linawachosha watafiti na kuwafukuza wawekezaji, na mwisho wa yote wenyeji hawaambulii kitu. Lina ukweli ndani yake. Ila limerudiwa mno kana kwamba kikwazo ni wale wanaoulizwa, na historia ya mikataba yenyewe haisemi hivyo.

Watafiti wana haki ya kulalamika. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu ruhusa ya kuchukua rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, ianze kutumika mwaka 2014, zipo sheria za kitaifa zinazomtazama mwanafunzi anayeorodhesha wadudu wa msituni kwa jicho lile lile linalotazama kampuni ya dawa. Kibali kinasubiri kibali, ufadhili unaisha, na spishi inabaki bila jina. Kwenye magonjwa ya mlipuko hatari ni kubwa zaidi. Mwaka 2007 Indonesia ilisitisha kupeleka sampuli za virusi vya mafua ya ndege kwenye maabara za Shirika la Afya Duniani, ikihofia chanjo zitakazotokana nazo hazitawafikia watu wake. Hofu hiyo ilikuwa ya haki na ilichangia kuzaliwa kwa mpango wa kimataifa wa mwaka 2011 wa kugawana sampuli za virusi vya mafua na faida zake, lakini wakati huo wote dunia ilikuwa ikisubiri. Kifungu cha 8 cha Itifaki kinataka utaratibu mwepesi kwa utafiti usio wa biashara, na kinataka dharura za afya zipewe uzito wake. Nchi isiyokitumia kifungu hicho ijilaumu yenyewe.

Huo, hata hivyo, ni uzito wa ofisi za serikali. Jamii zikiachwa nje kabisa, hali huwa mbaya zaidi, na mmea wa hoodia unatosha kwa ushahidi. Wasan, wenyeji wa jangwa la Kalahari kusini mwa Afrika, walitafuna shina la mmea huo kutuliza njaa na kiu mawindoni. Katika miaka ya 1990 baraza la taifa la utafiti wa sayansi na viwanda la Afrika Kusini, CSIR, liliombea kemikali zake hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, likatoa leseni kwa Phytopharm ya Uingereza, nayo ikaingia ubia na Pfizer. Wasan hawakuulizwa. Habari zilipofichuka mwaka 2001 ndipo mazungumzo yakaanza, na mwaka 2003 wakatia saini: asilimia 8 ya malipo ya hatua za utafiti, na asilimia 6 ya mrabaha (malipo ya kutumia hataza) utakaopokewa na CSIR.

Utakaopokewa na CSIR. Yaani muuzaji auze kwanza, ailipe Phytopharm, Phytopharm iilipe CSIR, kisha katika kilichobaki ndipo ikatwe asilimia 6. Pfizer ilijitoa mwaka ule ule wa 2003, Unilever iliyoshika nafasi yake ikajitoa 2008, na bidhaa iliyotarajiwa haikufika sokoni. Wakosoaji husema Wasan walikosa kwa sababu biashara ilikufa, na hilo ni kweli. Lakini walipofika mezani hataza ilikuwa imeshatolewa, leseni imeshauzwa, mnyororo mzima umeshafungwa. Kilichobaki cha kujadili kilikuwa ukubwa wa tonge. Chungu kilikuwa kimeshapakuliwa.

Ethiopia nayo ilikuwa na mkataba wa teff, nafaka yake ya asili, wa mwaka 2005 na kampuni ya Uholanzi, mkataba uliosifiwa sana. Ulisainiwa na taasisi za serikali. Kampuni ilifilisika 2009, hataza yake juu ya teff ikabaki kwenye mikono mingine, na taifa zima likaambulia kiasi cha euro 4,000 na mradi mdogo wa utafiti uliokatika njiani. Ni mahakama ya The Hague, miaka kadhaa baadaye, iliyoibatilisha hataza hiyo kwa kukosa uvumbuzi.

Sasa tazama rooibos, chai nyekundu ya Afrika Kusini, kwa sababu hapa hesabu ilikaa kwingine. Matawi ya kichaka hiki cha milima ya Cederberg hukatwa, hukatwakatwa vipande vidogo, huloweshwa na kuachwa yachachuke mpaka yageuke mekundu, kisha huanikwa juani na kupelekwa kwa mchakataji. Kwa mkataba wa mwaka 2019, mchakataji anaponunua shehena hiyo hulipa juu yake tozo ya asilimia 1.5 ya bei ya shambani, na fedha hugawanywa sawa kati ya Wakhoi na Wasan, wenyeji wenye maarifa ya jadi ya mmea huo. Malipo ya kwanza, ya mwaka 2022, yalikuwa randi milioni 12.2. Asilimia 1.5 ni robo tu ya ile 6 ya hoodia, lakini inakokotolewa kwenye mzigo ambao tayari una mnunuzi. Haisubiri hataza wala bidhaa mpya. Msingi kama huo haukushuka kutoka wizarani peke yake. Ulipatikana kwa sababu wenye maarifa walikaa mezani na mawakili wao kwa miaka kadhaa, wakakataa kuondoka.

Wapo wanaosema miaka hiyo ndiyo tatizo lenyewe. Sehemu kubwa ya muda huo, hata hivyo, ilikwenda kwenye kubishana kama Wakhoi na Wasan wana dai lolote. Lipo pingamizi zito kuliko hilo: jamii ni nani? Wakulima wadogo wa Cederberg, wengi wao wa asili ya Kikhoi, wana haki ya kuuliza nani anawasemea kwenye mabaraza yanayopokea fedha. Swali hilo likiachwa hadi fedha ziingie, huzaa ugomvi. Likijadiliwa mwanzoni, linaweza kuandikwa ndani ya mkataba.

Baadhi ya wataalamu wanaona mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa mtafiti wa leo anapakua mfuatano wa vinasaba kutoka hifadhidata bila kugusa jani. Jibu la dunia ni Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025: kampuni kubwa zinazotumia data hizo zinatakiwa kuchangia asilimia 1 ya faida au 0.1 ya mapato, na walau nusu iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Kwa kuhesabu mapato yenyewe, mfuko umefuata njia ya rooibos. Udhaifu wake ni kwamba kampuni hailazimishwi mpaka sheria ya nchi iseme hivyo. Kwa hiyo rasimu za kitaifa zinazoandikwa sasa ndizo zitakazoamua, na wenyeji wanapaswa kuitwa kabla viwango na njia ya kugawa nusu yao havijachapwa, wakiwa na mwanasheria wao, na swali la kwanza mezani likiwa asilimia hiyo inakatwa kwenye fedha ipi.