Kioo cha Hardwick, ukuta wa Lamu

Huku Derbyshire, Uingereza, mgeni akija kunitembelea nampeleka kwenye jumba la kale la Hardwick Hall, na wote huanza na neno moja: madirisha! Waingereza wenyewe wana msemo wa kale kwamba Hardwick ina kioo kingi kuliko ukuta. Aliyeijenga, kati ya 1590 na 1597, ni Bess wa Hardwick, mwanamke aliyezika waume wanne na kutajirika. Ramani inaaminika ni ya Robert Smythson. Kioo zama hizo kilikuwa ghali mno, naye Bess alitaka apitaye bondeni ajue kinamilikiwa na nani. Juu ya minara sita akaweka herufi za mawe, ES, yaani Elizabeth Shrewsbury, ndiye Bess mwenyewe. Kadiri orofa zinavyopanda ndivyo madirisha yanavyorefuka, maana vyumba vya fahari viko juu kabisa.

Napendezwa, siwezi kukataa. Ila mimi mtoto wa Lamu, na nyumba ya mawe ya kwetu humwonyesha mpita njia ukuta mtupu, mlango, na daka (kibaraza cha mlangoni) la kuketi. Urembo wa chokaa na safu za zidaka (vishubaka vya ukutani) viko ndani, wasikofika wageni wa barazani. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti la mkoko lina urefu wake; kuta za matumbawe ni nene, na kiwanda cha katikati, yaani ua wa ndani, huingiza mwanga na hewa. Ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wakaaji wake.

Hardwick je? Baadhi ya madirisha ni ya uongo: nje kioo, nyuma yake ukuta, ili tu sura ilingane. Na ule mwanga wa gharama umegeuka adui, hupunguzwa kwa mapazia ili vitambaa vya ukutani visipauke. Seti ya vitambaa hivyo yenye kisa cha Gideoni wa Biblia, vipande 13, ilikarabatiwa kwa miaka 24 hadi 2023. Kwa utunzaji, nawapa haki yao. Sisi majumba yetu tunayaacha yaporomoke.

Lakini Bess alikuwa na udhuru, kwao jua ni haba. Sisi tunaojenga kuta za kioo Mombasa na Dar, tena upande wa magharibi, udhuru wetu nini? Binamu yangu kanitumia ramani ya nyumba yake mpya, sebule yote kioo. Nikamuuliza upepo utapita wapi. Akajibu fundi ameshapanga pa kuweka viyoyozi vitatu.