Mabibi wa Sepur Zarco walishinda kesi, na mashamba je?

Ikitajwa haki baada ya vita, watu wanakimbilia kesi ya Sepur Zarco, kijiji kule Guatemala kilichokuwa na kambi ya jeshi wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na sibishi, kesi ni nzito. Februari 2016 mahakama ya nchini kwao wenyewe, sio The Hague, ilimpa afisa wa zamani wa jeshi Esteelmer Reyes Girón miaka 120 na aliyekuwa kamishna wa kijeshi Heriberto Valdez Asij miaka 240, na kati ya makosa yao ni utumwa wa ngono kwa wanawake wa Kimaya, Waq'eqchi'. Walalamikaji, ambao sasa ni mabibi kabisa, walikaa mahakamani wamejifunika nyuso kwa mitandio, zaidi ya miaka 30 imeshapita.

Ila turudi nyuma kidogo, ilianzaje? Waume zao walikuwa wanafuatilia hati za mashamba. 1982 jeshi likawabeba, wengi hawakurudi, na hao wajane ndo wakapangiwa zamu kambini, kufua, kupika tortilla kwa mahindi yao wenyewe, na kubakwa. Yaani chanzo ni ardhi, ambayo wenye mashamba makubwa nao waliitaka.

Wanaotetea njia ya mahakama wana hoja. 2013 Ríos Montt, jenerali aliyetawala nchi wakati wa vita hivyo, alipigwa miaka 80 kwa mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu, na siku 10 baadae hukumu ikafutwa, kwahiyo hukumu ya Sepur Zarco kupatikana tu sio kitu kidogo, na 2022 wanawake wa Achi, Wamaya wengine, nao wakashinda kesi yao ya ubakaji, wanamgambo watano wakala miaka 30 kila mmoja. Wale wa "yameshapita tusitoneshe vidonda" nawaruka, maana anaesema hivyo mara nyingi hana kidonda.

Hoja inayonisumbua ni nyingine. Kesi ya jinai inataka mtu na kosa lake, basi dunia ikakumbuka ubakaji ikasahau shamba. Kusema kweli majaji hawakusahau, waliagiza hatua 18 za fidia, ikiwemo kituo cha afya, shule, na serikali iendeleze maombi ya ardhi waliyoyaanza wale waume. Sasa kumfunga mzee mmoja mwanajeshi hakumgusi mwenye shamba kubwa hata senti, kutoa hati kunamgusa, na hapo ndo utaona nani ana nguvu. Kliniki ya kutembea ilifika kijijini. Hati zikawa ndo za kusuasua, na mabibi wengine wameshafariki wakizisubiri.