Mtutu wa .22: usafishwe kila baada ya risasi ngapi?

Kiswahili kinaiita risasi ile metali laini ya kijivu, na kile kinachotoka mtutuni nacho kinakiita risasi. Kwa bunduki nyingi za leo maana hizo mbili zimeachana kidogo, kwa sababu kinachoruka kimevikwa koti la shaba. Kwenye .22, bunduki ndogo yenye mtutu wa kipenyo cha inchi 0.22 hivi, bado ni kitu kimoja: kipande cha gramu 2.6 hivi cha risasi, mara nyingi bila koti, kimepakwa nta au grisi na kusukumwa na baruti kiduchu. Ubishi wa kusafisha mtutu wake unapaswa kuanzia hapo, na wengi wanaobishana huparuka.

Niliukuta ubishi huo kwenye klabu ninayopigia shabaha hapa Ujerumani, nchi ambayo kaliba ndogo hupigwa hadi vijijini. Kuna wanaosafisha kila wanapotoka uwanjani, hata kama wamepiga risasi 30 tu. Kuna wasiougusa mtutu mpaka shabaha ianze kutawanyika, hata ikifika risasi elfu mbili. Kambi zote mbili zina watu wanaojua kulenga kuliko mimi, kwa hiyo siwezi kusema upande mmoja ni wa wajinga. Nilitaka kujua kila upande unasimamia nini hasa.

Wanaosafisha kila siku wana historia nyuma yao. Risasi ya .22 Long Rifle ilizaliwa Marekani mwaka 1887, enzi za baruti nyeusi, ambayo masizi yake hunyonya unyevu wa hewa. Ilipokuja baruti isiyo na moshi mambo hayakutengemaa, kwa kuwa dawa ya fataki (kiwashio cha baruti) iliyojazwa ndani ya ukingo wa ganda ilikuwa na potasiamu kloreti. Ikiungua huacha chumvi inayofanana sana kitabia na chumvi ya mezani. Aliyelala bila kusafisha bunduki aliamka akakuta kutu. Ni katika miaka ya 1920 viwanda vya Ujerumani na Marekani vilipoanza kuuza kwa wingi fataki zisizoacha chumvi hiyo. Kufikia hapo amri ya "safisha kabla ya kula" ilikuwa imeshakaa jeshini na vilabuni, na wazee waliwarithisha vijana bila kuwaeleza ilitokana na nini.

Kitu kingine kilichorithiwa ni mazoea ya bunduki kubwa. Kipenyo cha .223, risasi ya bunduki yenye nguvu zaidi, kinakaribiana na cha .22, lakini undani wake ni mwingine kabisa. Ile inaruhusiwa shinikizo la megapaskali 380 hivi, hii 165. Ile inaacha shaba iliyong'ang'ania chuma, hii inaacha nta, masizi na chembe za risasi. Mtu anayechukua ratiba ya ile na kuipachika kwenye hii anatibu ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Wasiogusa wanaanza na nta. Mtutu uliotoka kusafishwa ni mkavu. Risasi za kwanza huupaka nta upya, na mpaka utando huo utulie, matundu kwenye shabaha hutangatanga. Mitutu mingine hutulia baada ya risasi tano, mingine ishirini. Ukibadilisha aina ya risasi jambo hilo hilo hutokea, maana kila kiwanda kina nta yake. Kwenye shindano la mita 50 duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, kwa hiyo kutangatanga kwa milimita tatu nne si jambo la kupuuza.

Hata hivyo hoja hiyo haina uzito sawa kwa kila mtu. Mshindani wa mita 50 hupewa muda wa kujiandaa, na humo anapiga risasi za majaribio kadiri apendavyo. Mtutu wake hutulia kabla hesabu haijaanza. Anayeumia ni mwindaji wa sungura, ambaye risasi yake ya kwanza ya asubuhi ndiyo pekee atakayoipata. Ukimwambia asafishe kila jioni unamharibia. Wa baiathloni, mchezo wa kuteleza thelujini na kulenga shabaha, uliohamia kwenye .22 mwishoni mwa miaka ya 1970, wana shida nyingine: bunduki hupita kwenye theluji mgongoni mwa mwanariadha, na maji yakiingia mtutuni lazima yatoke siku hiyo hiyo.

Hoja ya pili ya wasiogusa ndiyo iliyonigusa mimi. Bunduki yangu ya kwanza niliiharibu kwa kuisafisha. Nilikuwa na mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu) wa alumini wa vipande vya kuunganisha, na nilikuwa nausukuma kutokea mdomoni kwenda ndani, kila Jumamosi, kwa bidii ya mtu anayeamini anafanya jema. Alumini ni laini, mchanga mdogo hujipachika juu yake, na mdeki unaopinda husugua ukingo wa mdomo wa mtutu. Ukingo huo ndio wa mwisho kugusa risasi. Ukichakaa upande mmoja, gesi hutoka kwa upendeleo na risasi husukumwa kando. Mwaka mmoja ulitosha. Baadhi ya bunduki zinamlazimisha mtu afanye hivyo: Ruger 10/22, inayouzwa tangu 1964, kwa nyuma imefungwa, mdeki hauna pa kuingilia. Kwa hizo ni heri kamba yenye brashi, unayoivuta kutokea chemba, yaani tundu la nyuma risasi inapokaa, kwenda mdomoni.

Mpaka hapo ningekuwa kambi ya wasiogusa. Kilichonirudisha nusu njia ni pete.

Mbele kidogo ya chemba, pale risasi inapoingia kwenye mifereji inayoizungusha, moto ndio mkali kuliko sehemu nyingine yoyote ya mtutu. Nta iliyoungua, masizi, na unga wa kioo (viwanda vingi huchanganya kioo kilichosagwa kwenye fataki ili isuguane na kuwaka) huokwa pamoja hapo mpaka vikawa gamba gumu lililozunguka kama pete. Chemba za bunduki za mashindano ni finyu, risasi huanza kushikwa na mifereji bolti (komeo la nyuma) inapofungwa. Pete ikikua, risasi inaminywa kabla haijafika inapotakiwa kuminywa, na hutoka ikiwa imeshapunguzwa mwili. Kitambaa kinachopita na kutoka cheupe hakioni pete hiyo. Wale wanaopiga bunduki ikiwa imetulia juu ya meza, kadi ya shabaha 25, wengi wao husafisha baada ya kila kadi moja au mbili, na wanachokimbiza ni pete hiyo. Ukiiacha kwa maelfu ya risasi haitoki kwa kitambaa tena, itahitaji dawa iloweke na brashi ipite mara nyingi, yaani mdeki mwingi zaidi kuliko ungeutumia mapema.

Kwa hiyo naona swali la "kila risasi ngapi" linauchukulia mtutu kama kitu kimoja, wakati una sehemu mbili zenye mahitaji yanayopingana. Sentimita chache za nyuma zinataka kusafishwa mara kwa mara. Sehemu ndefu iliyobaki inataka kuachwa na nta yake.

Ushahidi wa kambi zote mbili nao una kasoro. "Nimesafisha, kundi langu la risasi tano likawa dogo." Kundi ni matundu ya risasi zilizolengwa mahali pamoja, na moja la risasi tano halithibitishi chochote. Bunduki ile ile, risasi za boksi lile lile, kundi la kwanza linaweza kuwa na upana wa milimita 9 na la pili 16 bila mtu kugusa kitu. Anayetaka kujua apige makundi kumi kabla na kumi baada, kwa risasi za toleo moja la kiwandani, kwenye kibanda kisicho na upepo, aandike yote, pamoja na mabaya. Nimefanya hivyo kwa bunduki yangu ya sasa. Iliyochafuka ilianza kutawanya waziwazi baada ya risasi 400 hivi. Yako itakuwa na namba yake. Mtutu wa bei nafuu wenye uso mkwaruzo hushika metali ya risasi mapema zaidi, na utaona vipande vya kijivu kwenye kitambaa.

Ninachofanya sasa: kila baada ya risasi 100 nahakikisha bunduki haina kitu chembani, kisha kutokea nyuma, mdeki ukipita kwenye bomba la kuuongoza, naingiza kitambaa chenye dawa mpaka sentimita chache mbele ya chemba, nasubiri dakika kumi, napitisha brashi mara nne hapo hapo, nafuta. Mtutu mzima nausafisha ukikaribia 400. Mikono naiosha kwa sabuni, maana risasi ni sumu. Ratiba hiyo naivunja siku ya mvua, au nikienda na bunduki mahali penye hewa ya bahari: aliyekulia pwani anajua chuma kinavyoliwa kule. Siku hiyo napitisha kitambaa cha mafuta mtutu mzima jioni ile ile, na kesho yake, kabla ya kuhesabu pointi, napiga risasi kumi za kuurudishia nta.