Mkwe, Maikrofoni na Babu wa 1684

Mimi mtu wa Tanga. Kwetu mama mkwe akiingia sebuleni, mazungumzo ya unyumba yanatokea mlango wa nyuma. Sasa sikieni yaliyonifika Quebec kule Kanada, nilikooa, tena kwenye maikrofoni.

Wakwe zangu wana majina mawili. Mama mkwe ni Roy, binamu zake ni Desjardins, na damu ni moja. Babu yao alikuwa Antoine Roy dit Desjardins (yaani Roy aitwaye Desjardins), fundi mapipa wa Joigny kule Ufaransa, aliyeletwa Kanada 1665 na kikosi cha Carignan-Salières. Askari wa zama hizo walikuwa na majina ya kambini, na vita vilipoisha wengi walibaki nayo. Vizazi vikapita, huyu akashika Roy, nduguye akashika Desjardins, na leo watu wa tumbo moja wanaulizana kwao wapi.

Basi ukafanyika mkutano wa ukoo, nami nikatwishwa kazi ya kuchimba vitabu vya parokia. Jamani! Mvulana akibatizwa anaandikwa Joseph kwanza, msichana Marie, kisha ndiyo linafuata jina la kuitwa nyumbani. Ukurasa mzima kina Joseph watupu, utadhani padri alikuwa na muhuri. Nafuu pekee ni kwamba mwanamke huandikwa kwa jina la baba yake mpaka kaburini (na tangu 1981 sheria ya Quebec inataka mke abaki na jina lake). Ndivyo nilivyomnasa bibi yao Marie Major, mmoja wa mabinti waliosafirishwa kwa gharama za Mfalme Louis XIV kuja kuolewa. Ndoa yake na Antoine ilifungwa 1668. Hapo nikafunga daftari, nikamwachia shemeji amalizie mwisho wa mzee.

Siku yenyewe, kabla hata nyama haijakatwa, vita vya jina vikaanza. Kina Desjardins wanamtaja Alphonse Desjardins, aliyeanzisha chama cha akiba na mikopo kule Lévis mwaka 1900. Huko mabango yenye jina hilo hayakosekani mtaani. Kina Roy wanajibu kwamba lililotangulia ndilo jina, hilo lingine la kambini tu. Kila upande unamtaka mzee awe wake. Ikaamuliwa historia yake isomwe na mtu asiye na upande. Macho yote kwangu.

Shemeji akanipa karatasi, Kifaransa kimesimama kama cha mahakamani. Nikasoma kwa mbwembwe: kikosi, mapipa, ndoa, mtoto Pierre. Makofi. Mama mkwe mstari wa mbele, mkoba mapajani, anafuta machozi ya fahari. Nikaendelea kwa sauti ile ile kwamba mnamo Julai 1684, huko Lachine, babu yetu mpendwa aliuawa na Julien Talua, ambaye alikuwa amemkuta ki... kita...

Nikameza mate. "Soma, mwanangu," mama mkwe akasema.

"Mama, hapa mwandiko umefifia."

"Imepigwa chapa!" akadakia shemeji, Mungu amsamehe.

Nikasoma. Kitandani. Na mke wa Talua. Kijasho kikanitoka na nje theluji.

Kimya kidogo tu, halafu mzee wa upande wa pili akainuka, akajifunga koti. "Sisi ni Desjardins. Huyo kwa jinsi ninavyosikia ni Roy."

"Roy gani?" mama mkwe akaruka. "Roy ni yule aliyefunga ndoa kanisani! Huyo wa Lachine ni Desjardins, tena jina la kambini, na mambo yake ya kambini. Mwanangu, hebu soma tena jina lake linavyoanza!"

"Linavyoishia!" wakapiga kelele wengine.

Nimeshika karatasi, sijui nianze mbele au nyuma. Ndipo shangazi mmoja mkongwe, asiyesikia vizuri, akainua mkono toka mwisho wa ukumbi: "Na huyo mwanamke, wameandika kama alikuwa mzuri?"

Shemeji akazima maikrofoni.