Lugha ya Wakomanche: daftari au nyumbani?

Mwaka 1941 jeshi la Marekani liliwafundisha kazi ya mawasiliano vijana 17 wa Kikomanche, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Wakatunga maneno ya siri kwa lugha yao: kifaru cha vita wakakiita kobe, bunduki ya rashasha cherehani, na ndege ya mabomu ndege yenye mimba. Kati yao, 14 walipelekwa Ulaya, na Wajerumani hawakuwahi kuufumbua msimbo huo. Wa mwisho wa vijana hao, Charles Chibitty, alifariki mwaka 2005. Utotoni, katika shule ya bweni huko Fort Sill, Oklahoma, aliadhibiwa kwa kusema lugha hiyohiyo.

Kwa hiyo anayedai kwamba lugha hii inafifia kwa kukosa maneno ya kisasa simwelewi kabisa. Karne ya 18 na ya 19 majirani walijifunza Kikomanche ili wauziane farasi na watu hao. Sisi Waswahili tunajua vizuri lugha ya biashara inavyosambaa. Kilichoiangusha ni Wakomanche kushindwa vitani na jeshi la Marekani, kufungiwa katika eneo walilotengewa na serikali baada ya 1875, kisha fimbo za shule.

Leo waliolelewa kwa lugha hiyo ni wachache, wengi wao wazee. Wapo wanaoweka tumaini lao kwenye maandishi, na wana hoja nzito. Kabila liliidhinisha alfabeti rasmi mwaka 1994. Bila maandishi kusingekuwa na kamusi wala vitabu vya darasani, na mengi wanayoyajua wazee yangezikwa nao.

Lakini Kikomanche kina irabu za kunong'ona, ambazo mdomo unaziumba bila sauti kutoka kooni. Alfabeti inazipigia mstari chini. Kwetu kila irabu hutoka wazi, kwa hiyo fikiria kazi ya kumfundisha mtoto mnong'ono kwa kumwonyesha mstari! Akikosea, kitabu hakimsahihishi. Hapo ndipo wanaotetea mafunzo ya nyumbani wananivuta upande wao, ingawa nao wana tatizo: wazazi wengi vijana hawana lugha ya kumrithisha mtoto.

Kamusi iendelee, ila ningependa fedha zaidi ziwalipe wazee wakae na wazazi hao, si na watoto peke yao. Mama akiweza kumwita mwanawe aje kula kwa Kikomanche, na mwanawe akamjibu, mwalimu wa darasani atakuwa na pa kuanzia.