Mtu wa Pwani Sokoni Merkato

Jiji la Addis Ababa limejengwa zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa pwani ambaye mwinuko mkubwa anaoupanda kwa kawaida ni ngazi za kwenda kwa mkwewe ghorofa ya pili. Habari hiyo ya mita niliisoma ndani ya ndege nikaipuuza, kwa kuwa akili yangu ilikuwa imeshikwa na jambo lililonipendeza zaidi: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapochomoza. Mtalii wa Ulaya akiambiwa saa tatu anaweza kutokea alasiri, saa sita nzima zikiwa zimempita, ilhali mimi na mwenyeji wangu tulipatana saa tatu asubuhi na saa tatu asubuhi tukaonana. Nikajiona nusu mwenyeji kabla hata sijaonja kahawa yao.

Mwenyeji wangu alikuwa kijana aliyewahi kuishi Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Eastleigh, chepesi na chenye haraka. Aliniita mzee, ingawa ndevu zangu bado zina weusi wa kutosha, na alitembea kama alivyozungumza. Merkato, ambalo hutajwa miongoni mwa masoko makubwa ya wazi barani Afrika, halina lango ambalo mtu angeweza kusema kwamba hapa ndipo linapoanzia. Ni mtaa unaozaa mtaa mwingine katika eneo la Addis Ketema, na kila bidhaa ina safu yake inayoitwa tera. Alinisimulia kwamba Waitaliano, walipoikalia nchi hiyo kati ya mwaka 1936 na 1941, waliwahamisha wafanyabiashara wenyeji kutoka Arada, karibu na Kanisa la Mtakatifu George, wakawapeleka huku magharibi; baadaye wao wenyewe wakafukuzwa, jina la Kiitaliano likabaki. Ilikuwa historia nzuri, lakini aliitoa tukiwa tunapanda mwinuko, na kufikia sehemu ya Waitaliano kufukuzwa mimi nilikuwa nasikia zaidi mapigo ya moyo wangu kuliko ya vita.

Tulipita Minalesh Tera, ambako hakuna kitu kinachoruhusiwa kufa: matairi yanakatwa yakawa ndara, mapipa ya mafuta yanapigwa nyundo yakawa majiko, na bati lililotoboka linanyooshwa likasubiri paa jingine. Huko nilihema kwa sababu ya kuwakwepa punda, ambao hubebeshwa magunia pande zote mbili na hawampishi mtu, awe mgeni au mwenyeji. Kisha tukaingia Berbere Tera, safu ya pilipili na viungo, na vumbi lile jekundu likamalizia kazi iliyoanzwa na mlima. Nilitoka upande wa pili machozi yakinitiririka, mdomo wazi, nikivuta hewa kwa mikupuo mifupi yenye sauti.

Hapo ndipo kijana wangu alipomwona mtu anayemdai. Aliniegemeza kwenye ukuta wa duka la mama mmoja muuza vikapu, akamwambia maneno mawili matatu ya Kiamhari, akaniambia mimi, "Mzee, dakika moja tu," na akatoweka nyuma ya deni lake.

Yule mama alinisalimu kwa upole. Mbele yake palikuwa na mesob, yaani meza ya kusukwa kwa nyasi ambayo familia huizunguka wakala injera pamoja. Ilinifika kiunoni, imesukwa mviringo juu ya mviringo kwa rangi nyekundu, kijani na njano, na kifuniko chake chenye ncha ungedhani ni kawa la bibi yangu lililolishwa likanenepa. Niliigusa kwa adabu tu, kama mgeni anavyosifu mtoto wa watu. Mama akataja bei, akaiandika pia kwenye kikokotoo cha simu: tarakimu nne za birr. Nilitaka kusema kwamba naangalia tu, lakini maneno yalikuta njia imezibwa na hewa iliyokuwa inaingia. Nikahema mara moja, fupi na ya ghafla.

Mama alinitazama kwa mshangao. Akairudia bei polepole, akinyoosha kidole kwenye kioo cha simu. Nikahema tena. Akaliinua lile kawa kubwa, akauliza jambo ambalo nadhani lilikuwa "pamoja na kifuniko?", nami nikahema kwa mara nyingine, ndefu zaidi, kwa kuwa ndani ya mesob mlikuwa na vumbi. Basi akaleta kigoda, akanikalisha, akainua mikono juu kwa maneno ambayo bila shaka yalikuwa dua.

Habari husafiri haraka sokoni. Jirani wa kushoto alikuja na jebena, birika jeusi la udongo la kupikia kahawa, akaliweka miguuni pangu na kutaja bei. Nilihema. Jirani wa kulia akaleta shuka jeupe la pamba lenye pindo la kufumwa, nalo pia nikalihemea. Nilipoona mzee mmoja akivuka barabara na kiti cha mbao cha miguu mitatu kichwani, niliingiwa na hofu, na hofu, kama kila mtu ajuavyo, huongeza kuhema. Kiti kikawa changu kabla hakijafika chini.

Kijana aliporudi, bila deni, alinikuta nimekaa katikati ya bidhaa nikipongezwa. Mama alimweleza kwa furaha kwamba mgeni wake ni muungwana ambaye hana tabia ya kubishania bei. Kijana akaniuliza kama kweli nilikubali kulipa fedha zile. Nikamjibu kwamba sikutamka neno hata moja, nilikuwa natafuta hewa tu. Alinyamaza kidogo, kisha akashika magoti akacheka mpaka mama akamletea maji. Kumbe katika nchi ile mtu anapotaka kusema ndiyo hana haja ya kufungua maneno. Huvuta pumzi ya ghafla kwa mdomo, na hapo amekubali. Nilikuwa nimekubali kila kitu nilichoonyeshwa, tena kwa msisitizo, mbele ya mashahidi.

Kesi ilisikilizwa palepale. Mwenye kiti alikuwa mtu wa haki na akakichukua kiti chake. Shuka na jebena vilirudi baada ya maelezo marefu kuhusu bahari na mapafu. Lakini mama wa vikapu alikataa. Aliuliza swali moja, ambalo kijana alinitafsiria huku akikwepa macho yangu: kama mzee alikuwa anahema tu, mbona alihema kila bei ilipotajwa na si katikati? Sikuwa na jibu, na mesob ikawa yangu kwa punguzo dogo la huruma.

Ilibaki kutafuta hamali wa kuishusha hadi kwenye teksi. Kijana alinionya: "Mzee, huyu akitaja bei, funga mdomo kabisa." Nikafunga. Hamali akataja bei yake. Mashavu yalinijaa, macho yakanitoka, nikamkazia bila kupepesa. Akapunguza. Niliendelea kuibana pumzi huku masikio yakivuma. Akapunguza tena, akamgeukia kijana na kulalamika kwamba hajawahi kukutana na mzee mwenye roho ngumu kiasi hiki, na kwamba yeye ana watoto. Alipopunguza kwa mara ya tatu, kifua kilishindwa, hewa ikaingia yote kwa kishindo, na biashara ikafungwa kwa bei ambayo kijana aliapa kwamba hata wenyeji hawaipati.

Hamali akaitwika mesob kichwani na kuanza kushuka mtaa mbio, kifuniko chenye ncha kikielea juu ya umati. "Mzee, utaweza kukimbia?" kijana akaniuliza. Mapafu yakajibu kabla yangu.